Kizibao Kimoja, Anga Moja

12 Januari

Mke mwenzangu,

Shikamoo. Najua bahasha hii utaigeuza mbele na nyuma ukijiuliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kila nikipiga simu mume wetu anaiweka kwenye kipaza sauti, anakaa katikati, na mambo yetu ya wake wawili yanageuka taarifa ya habari. Dereva wa gari la chuo huenda huko kwenu kila wiki kuleta vifaa. Nimembembeleza awe tarishi wetu.

Habari yenyewe ni kwamba nimepata ile kazi. Tangu mwezi huu ni mimi ninayesimamia usalama wa kila kinachoruka kwa jina la chuo, ndege na droni, hapa kampasi kuu na huko kwenu kwenye kituo cha utafiti. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya viti vibovu. Dirisha halifunguki, na mguu mmoja wa meza umewekewa kipande cha tofali. Cheo walichobandika mlangoni ni kirefu kuliko mlango wenyewe.

Huko kwenu ndiko kunakoninyima raha. Zamani Babu, huyo mume wetu, alikuwa anaruka peke yake na kindege cha chuo, anampeleka mwalimu wa misitu kupiga picha za miti, wanarudi, basi. Sasa misitu wana droni, wahandisi wana droni, hata watu wa jiografia wamenunua. Wanafunzi wanarushia nyuma ya kilima, ambako redio zao hazishiki. Babu akipita chini hawasikii, wala wao hawamwoni. Droni ina uzito wa jogoo, Bibi, lakini jogoo akiingia kwenye kioo cha ndege iliyo mwendoni, hatukai tena kuongelea kitoweo.

Kwa hiyo nimeweka utaratibu wa kizamani kabisa. Kuna kizibao kimoja cha rangi ya chungwa, kinatundikwa msumarini ofisini kwa fundi wa ndege. Anayetaka kurusha chochote, awe profesa awe Babu, anakivaa. Msumari ukiwa mtupu, hakuna kingine kinachopaa. Akishatua anakirudisha. Kizibao kimoja, anga moja. Watu wa kompyuta wamenicheka mpaka wakafuta machozi, na mkuu wangu amenipa muda hadi katikati ya mwaka nimwonyeshe kama kinafaa.

Nisaidie kitu kimoja tu: mwambie mume wetu akivae bila kulalamika. Ninyi wawili mkinitii, wengine watafuata.

Wako,
Mke mdogo

21 Januari

Mke mdogo,

Marahaba. Niliigeuza mara moja tu, usinisingizie.

Hongera sana, mwanangu. Babu yako ameshawatangazia watu wote wa kituoni, hadi mlinzi wa getini ambaye hakuuliza. Anasema ubongo huo wa usalama umerithi kwake. Nikamwambia yeye amekurithisha masikio makubwa tu, ubongo ni wangu. Hatujaongea tangu mchana, lakini atanijia, leo mimi ndiye ninayepika.

Unasema alalamike? Kukivua ndiyo shida. Juzi alirudi nacho nyumbani, akakaa nacho mezani, akala nacho. Nikamwambia, mume wangu, ulishatua, kirudishe, mwenzangu mdogo atakufuta kazi. Akasema anajua, alikuwa anakipasha joto. Basi ndivyo tulivyo huku, hakuna jipya. Macho yake yanasoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa, moyo unapiga vizuri, na akili ni ileile.

Hivi hicho kitambaa mnakinunua wapi? Na ule utepe unaong'aa? Nauliza kama fundi cherehani tu. Hicho kizibao chenu kimeshonwa ovyo, pindo limelegea kama mdomo wa mbea. Mkono unaniwasha.

Kula vizuri. Sauti yako kwenye simu imekonda.

Mke mkubwa

6 Februari

Mke mwenzangu,

Shikamoo tena. Kitambaa kinapatikana sokoni kwa wale wanaouza nguo za watu wa barabara. Nimekufungia kipande kizuri pamoja na utepe, dereva atakupa. Najua unataka kunishonea mkoba, usijifanye. Weka mfuko wa ndani wa funguo.

Kizibao chetu kinafanya kazi vizuri sana, hata sijui nijivune kwa nani. Fundi ananiambia wiki iliyopita watu wa jiografia walikuja na droni yao, wakakuta msumari mtupu, wakakaa kwenye ngazi kumsubiri Babu atue. Walinung'unika, lakini walikaa. Yule binti mwanafunzi wa misitu, ambaye wenzake wanamwita Popo kwa jinsi anavyopenda kurusha, amejifunza kukirudisha hata kabla ya kunywa maji.

Sasa nije kwenye jambo la kikazi. Kibali cha Babu cha kuendesha ndege ya chuo kinaisha mwishoni mwa Machi, na safari hii anayetia sahihi ni mimi. Daktari ameshampima macho, masikio na moyo, na majibu ni mazuri. Nitasaini kwa furaha, maana sijawahi kumwona mtu anayependa kazi yake kama yeye. Lakini fomu inanitaka niulize watu wanaomwona kila siku, na anayemwona kila siku ni wewe. Kuna lolote ninalopaswa kulijua?

Nakupenda, na namtamani huyo mume wetu na porojo zake.

Mke mdogo

13 Februari

Mke mdogo,

Kitambaa nimekipata, asante. Ni kizuri.

Umeniuliza swali, nami nakujibu. Babu yako alizungusha ndege za mizigo nusu ya dunia kabla mama yako hajaota meno, na hakuwahi kupoteza hata gunia. Hakuna lolote. Saini.

Mkoba utakuja baadaye, mgongo unanisumbua kidogo.

Mke mkubwa

27 Februari

Mke mdogo,

Naandika haraka, dereva anapiga honi. Usishtuke ukisikia maneno ya watu. Juzi Babu yako alitua akakaa vibaya kwenye majani, ndege ikapata mkwaruzo mdogo. Yeye ni mzima kabisa, kifua kinamuuma kidogo kwa sababu ya mkanda. Amekunywa uji, amelala. Mwalimu wa misitu naye ni mzima, amerudi kwa wanawe.

Watu wa huko watatia chumvi. Wewe ni mtu mzima, utajua cha kuamini.

Bibi yako

2 Machi

Bibi,

Shikamoo. Uliponiandikia "mkwaruzo", fundi alikuwa ameshanipigia. Nimeongea pia na mwalimu, hata na Popo, ambaye hakuweza kumaliza sentensi.

Naandika ninayojua, ili usipate tabu ya kunipunguzia makali. Popo alikuta kizibao kiko msumarini, akakivaa, akaenda nyuma ya kilima na kurusha droni, kama tulivyomfundisha. Fundi alikuwa getini anapokea mafuta. Wakati huohuo Babu alipaa na mwalimu. Mwalimu anasema walipokatiza kilima droni ilitokea upande wake, karibu sana, akaona hadi taa zake. Babu akainamisha ndege kwa nguvu, droni ikapita juu ya bawa. Alirudi na kutua kwa kasi mno, akapitiliza kiwanja, gurudumu la mbele likavunjika majanini. Mwalimu ana watoto wawili, Bibi, na mdogo bado ananyonya. Nilipokata simu nilikaa chini sakafuni kwenye stoo yangu ya viti, nikalia kama mtoto, kwa kuwa nilidhani nimempoteza Babu na nikajua pia ningempoteza kwa utaratibu wangu mwenyewe.

Fundi aliposhuka mbio majanini kuwasaidia, alimkuta Babu amevaa kizibao. Na Popo alirudi amevaa kizibao.

Vyote viwili viko mezani kwangu sasa. Wakubwa walivikodolea macho asubuhi nzima, wakasema labda kiwanda kilituletea viwili kwa bahati mbaya. Sikuwasahihisha. Kimoja kina pindo lililolegea. Kingine pindo limekunjwa mara mbili, na mwisho wa kila mshono uzi umerudishwa nyuma hatua tatu ndogo kisha ukakatwa karibu. Nimevaa mshono huo tangu chekechea. Sare zangu zote ziliisha kitambaa, mshono haukuachia hata mmoja.

Walisema penye wazee haliharibiki neno. Hawakuwajua ninyi wawili.

Sikuandikii kukugombeza. Nataka kujua ulikishona kwa nini, maana mtu hashoni kizibao cha pili bila sababu, na sababu hiyo ndiyo ninayoiogopa. Niambie ukweli kabla sijaingia kwenye kamati ya uchunguzi wa ajali.

Mjukuu wako anayekupenda

9 Machi

Mwenzangu,

Nimesoma barua yako nikiwa jikoni, nikaisoma tena bafuni. Sina pa kukimbilia, basi.

Mwaka jana alianza kusahau majina ya watu. Nikasema ni uzee, hata mimi nasahau. Kisha akaweka miwani kwenye friji, tukacheka. Mwezi wa kumi na mbili nilimkuta amekaa kitandani ameshika viatu mkononi, na nilipomuuliza vipi akaniambia kwa upole sana kwamba hajui kama alikuwa anavivaa au anavivua. Siku hiyo hatukucheka. Nilimvalisha, nikamwambia alikuwa anavivaa.

Angani huwa yuko sawa. Ndivyo nilivyojidanganya. Nilisema mikono yake inakumbuka hata kichwa kisipokumbuka. Nilimwona anavyorudi akiwa ametoka kuruka, mwili umenyooka, anataniana na fundi, anarudi mume niliyeolewa naye. Nikasema mimi ni nani hata nimnyang'anye hicho?

Ulipoleta kizibao chako, wiki ya kwanza tu alikipoteza. Tulikipata bandani kwa kuku. Ndipo nikakuuliza kitambaa. Nikashona kimoja cha akiba, nikakificha kwenye pipa la unga. Katikati ya Februari kile cha kweli kikapotea kabisa. Aligeuza mito, akatoa nguo zote kabatini, jasho linamtoka, anasema mjukuu wangu atasema nini. Sikuvumilia. Nilikwenda kwenye pipa, nikakikung'uta, nikamwambia hiki hapa, kilikuwa chini ya kitanda. Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Akakipeleka msumarini, na hakuna aliyejua.

Kile kingine kilikuwa nyuma ya kiti cha ndege muda wote. Siku ile alikikuta humo, akadhani amekiweka mwenyewe asubuhi, akakivaa. Wala hakufanya kosa, mwanangu. Uliwaambia mwenye kizibao ndiye mwenye anga, naye alikuwa nacho. Mwenye kosa ni mimi. Hajui kwamba nilishona. Hata yeye nilimdanganya.

Andika hilo kwenye kamati, jina langu liwe la kwanza. Ila yeye usimwambie ya viatu mbele za watu.

Bibi yako

17 Machi

Babu yangu, mume wangu mzee,

Shikamoo. Barua hii ni yako peke yako. Bibi asikusomee, isome mwenyewe ukiwa umevaa miwani.

Kamati ilikaa jana. Niliwaeleza kwamba vizibao vilikuwa viwili, na kwamba utaratibu uliojengwa juu ya kitambaa kinachouzwa sokoni ni utaratibu mbovu, na ulikuwa wangu. Sasa droni na ndege havitapaa katika siku ileile hata kwa ombi la waziri, na tumeagiza redio zinazovuka kilima. Popo anaendelea na masomo yake, hakuna aliyemlaumu.

Kuhusu kibali chako, mkuu wangu aliniita pembeni, akaniambia kwa kuwa wewe ni babu yangu naweza kujitoa, mtu mwingine ataamua na kukuandikia. Nilifikiria usiku kucha. Mwingine angekutumia karatasi yenye mhuri na neno "tunasikitika". Nikakataa. Nikawaomba wakague sababu zangu wao, lakini sahihi iwe yangu.

Sijasaini kibali, Babu. Huendeshi tena ndege ya chuo, na nakuomba usiendeshe ndege nyingine yoyote. Daktari wa hospitali ya chuo atakupima kumbukumbu wiki ijayo, nami nitakuja kukusindikiza. Siku ile uliokoa roho ya mwalimu kwa mikono yako, nimeiandika hivyo kwenye taarifa na kila mtu ameisoma. Lakini ulimwokoa kwenye hatari ambayo safari ijayo hutaiona.

Uliniweka kwenye kiti cha rubani miguu yangu ikiwa haifiki chini. Najua ninachokunyang'anya. Ukinichukia, nichukie, lakini uwe hai unaponichukia.

Mjukuu wako

3 Aprili

Mke mdogo,

Asante kwa kuja na kwa kukaa naye kule hospitali. Najua ulitegemea atakuaga vizuri. Ndiyo, alikuwa ndani, na ndiyo, alikuwa macho. Alikusikia unabisha mlango wa chumbani.

Barua yako aliisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni kwenye shati. Siku ya tatu aliniuliza tangu lini mjukuu ana amri juu ya babu. Nikamwambia tangu mjukuu aliposoma kuliko babu. Akanuna zaidi. Kwa siku nzuri anakumbuka kila kitu, na siku hizo ndizo mbaya.

Na mimi sikufichi. Nilikukasirikia. Ulifanya kwa siku moja jambo nililolikimbia mwaka mzima, nami nikatafuta kosa lako nisilione. Nilishona mkoba nikaufumua. Sasa naushona tena. Kitambaa ni kingine, cha bluu, usiniulize kile cha chungwa kiko wapi.

Mke mkubwa

15 Aprili

Mke mwenzangu,

Shikamoo. Kasirika tu, nakujua, hasira yako haimalizi gunia la mkaa.

Kazini mambo yanakwenda. Redio zimefika, zimewekwa juu ya kilima, Popo anasema sasa anamsikia fundi hata akipiga chafya. Mkuu wangu amesema taarifa yangu itatumika kufundishia, na nikamwomba aondoe sehemu zinazowahusu ninyi. Nimebaki na jina zuri huku. Kila nikisifiwa namwona Babu nyuma ya ule mlango.

Nikipiga simu anasema "yupo bibi yako", anaondoka. Amenisamehe au bado? Nitakuuliza kila barua, univumilie, maana wewe ndiye jicho langu humo ndani.

Mke mdogo

24 Juni

Mwenzangu,

Mkoba huo hapo. Una mfuko wa ndani wa funguo, na mwingine ambao hukuuomba.

Nilichelewa kuandika kwa sababu nilitaka kuwa na hakika kwanza. Tangu Mei anaamka mapema, ananyoa ndevu, anavaa shati jeupe, anakuja jikoni kuniuliza leo anaruka saa ngapi. Mwanzoni nilimwambia ndege iko kwa fundi. Fundi naye akamwambia anasubiri kifaa. Mwalimu wa misitu akamwambia msitu una mawingu. Sote tulimzunguka na vijisababu, naye anarudi nyumbani, anakaa na shati lake jeupe hadi mchana anasubiri mawingu yaondoke. Nikaona haya ni mambo yaleyale ya kizibao, ila sasa tumeshona kijiji kizima.

Asubuhi moja nilichoka. Nikamketisha, nikamwambia: "Mume wangu, huruki tena. Kibali hawakukupa."

Akauliza nani kakataa. Nikamwambia, mke wako mdogo. Nilijiandaa, nikasogeza na chupa ya chai mbali naye.

Alifungua kifungo cha shati. Kisha akaniuliza kama ulisaini kwa mkono wako au ulimpa mtu. Nikasema kwa mkono wako, na kwamba walitaka kukusaidia ukakataa. Akatikisa kichwa, akasema, "Afadhali yeye. Ninyi wengine wote mlinionea haya."

Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Kesho yake akaja tena na shati jeupe, hakumbuki kitu. Nikamjibu vilevile, ukweli mtupu. Akaniuliza vilevile kama ulisaini mwenyewe. Akasema vilevile, afadhali yeye, halafu akaomba chai na kunitania kwamba kamwoa mke mdogo mwenye akili. Tangu siku hiyo simdanganyi tena, wala fundi simruhusu. Zipo siku haulizi kabisa, anakwenda kukaa na Popo na wenzake, anawapigia stori za mizigo. Lakini siku nyingi anauliza.

Umeniandikia kila barua ukitaka kujua kama amekusamehe. Mwenzangu, anakusamehe karibu kila asubuhi, na mimi niko pale pale jikoni namsikia.

Mke mkubwa